Jibu la Swali Lako la Alhamisi, Hawe

Mpendwa Hawe,

Mjukuu wako amekuwa Mmethodisti. Nimeanza na habari yenyewe kwa sababu nakumbuka ulivyowakatiza wageni waliokuja kwako Ribe wakauliza hali ya mbuzi, ya mahindi na ya mvua, huku shida iliyowaleta bado imo kooni. "Sema, chai inapoa," ulikuwa ukiwaambia. Basi nimesema. Jumapili iliyopita, katika kanisa dogo la matofali mekundu hapa Wembley, nilisimama mbele ya watu nikapokewa, nikapewa mkono, nikapewa na keki. Keki ilikuwa kavu. Ungekuwepo ungeisema waziwazi halafu ungeomba kipande cha pili. Mimi wiki nzima natembea kama mtu aliyefunga bao.

Watu wa huku wakinisikia nikisema "Hawe" hudhani ni jina lako. Huwaeleza kwamba ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na kwamba jina lako halisi hata mama yangu, binti yako wa kumzaa, hulitaja kwa kunong'ona.

Sasa nikueleze nilivyofika kwa Wamethodisti, na tafadhali usicheke kabla sijamaliza. Niliingia kutafuta choo.

Kazi yangu huijui, kwa sababu niliipata baada ya wewe kututoka. Siku za mechi huvaa koti la manjano nikawaonyesha watu viti vyao kwenye uwanja mkubwa wa Wembley, na siku nyingine nasoma. Jumapili moja treni ilinifikisha mapema kabla ya zamu, baridi ilikuwa ya kukata masikio, na chai niliyokunywa nyumbani Thornton Heath, upande wa pili kabisa wa jiji, ilikuwa imeamua kutoka. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, wa kanisa. Pale mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja Mjamaika, kofia yake ya zambarau, jina lake Bi Pearl. Nilimnong'oneza shida yangu. Akanionyesha njia bila hata kupunguza tabasamu.

Nilipomaliza, adabu ulizonilea nazo hazikuniruhusu kutoka tu. Mtu hatumii choo cha watu akaondoka bila kuketi hata kidogo. Nikaketi nyuma. Wakaimba, nikaimba. Wakaomba kimya, nami sikuzoea kuomba kimya, nikajikuta nasikia pumzi yangu mwenyewe. Jumapili iliyofuata nilirudi, na safari hiyo sikuwa nataka choo.

Baada ya majuma kadhaa Bi Pearl alinialika kwenye kikundi chao cha Alhamisi. Nilikuta viti vimepangwa mduara katika ukumbi wa nyuma, biskuti kwenye sahani, watu wazima waliochoka na kazi. Nikadhani tutasoma kitabu. Bi Pearl akamgeukia mzee aliyeketi karibu naye na kumuuliza, kwa Kiingereza chake cha Jamaika kisicho na haraka, roho yake i hali gani.

Hawe, nilimwaga chai.

Maana swali hilo nililijua, na nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani ni lako peke yako. Unakumbuka likizo ile mama aliponileta Ribe, mimi bado mdogo, nalia kila nikimwona kuku karibu? Alhamisi jioni ulitoa viti vyote barazani, kile chenye mguu mbovu ukajiwekea wewe. Wakaja majirani mmoja mmoja. Mkutano ule mlikuwa mkiuita darasa, na mimi nilishangaa darasa gani halina ubao. Ukaanza kuzunguka: "Roho yako i hali gani?" Mzee Chome, yule muuza nazi, akasema roho yake imemkasirikia shemeji yake.

"Tangu lini?" ukamuuliza.

"Tangu alipoukata ule mnazi wa mpakani."

"Na mnazi wenyewe umekulalamikia?"

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hukumwacha hapo. Mlipoomba ulimtaja yeye na ukamtaja shemeji, majina yote mawili, na niliona Mzee Chome akijipangusa macho kwa upindo wa shati. Kisha ukafika kwangu. "Na wewe wa Ulaya, roho yako i hali gani?"

"Nzuri," nikasema.

"Hiyo ni habari ya mwili, naona umeshiba. Mimi nimeuliza roho."

Nikatazama miguu yangu. Ukanishika kichwa. "Haya. Ukipata jibu utanipa."

Tangu hapo, kila ulipopiga simu London, ukishamaliza kumkaripia mama kwa kukonda, ulikuwa ukiniita. "Jibu bado?" Bado, Hawe. "Mimi sina haraka." Kisha ukatutoka, na mazishi yako niliyatazama kwenye simu aliyoishika binamu, picha ikikwama kila mara, mama peke yake ndiye aliyepata ndege. Nililia sana siku ile. Nililia zaidi nilipokumbuka kwamba hakuna tena mtu duniani atakayeniuliza swali lile. Na sasa hapa Wembley, katikati ya biskuti, bibi wa Jamaika ananigeukia mimi na kuliuliza. Baadaye alinieleza kwamba hiyo ni desturi ya Wamethodisti tangu mwanzo wao, kukutana wachache na kuulizana roho. Ndipo nikajua kwamba lile darasa lako la barazani lilikuwa la Wamethodisti, kwamba ulikuwa umenipa kitu cha watu wengi, na kwamba watu hao walikuwa bado wapo.

Niliamua usiku uleule kwamba hawa ni watu wangu. Kuamua kulikuwa rahisi. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama, ambaye miaka yote tumesali pamoja katika ushirika wa Wakongo wa Thornton Heath, na hicho ndicho kilichoninyima raha.

Unamjua binti yako. Nilipomwambia, alikuwa akikaanga samaki, akazima jiko. Mwanamke yule akizima jiko samaki akiwa nusu, ujue mambo yameharibika.

"Kwa hivyo unatuacha," akasema.

"Siwaachi, mama. Nitakuwa Wembley tu."

"Nilipofika nchi hii sina mtu, nani alinipokea? Papa Eliya na akina mama wa Kongo. Nikiwa night shift, nani alikubeba mgongoni? Hao Wamethodisti wako walikuwa wapi?"

"Walikuwa Wembley," nikasema, na hilo halikusaidia.

Akaniuliza kama watanibatiza upya. Nikamwambia hapana, wao husema ubatizo ni mmoja, na ule niliobatizwa hapa Thornton Heath wameukubali. "Wasiukubali kwa nini?" akasema. "Ule ulikuwa wa maji mengi." Kisha akawasha jiko tena. "Wewe ni mtu mzima, siwezi kukufunga kamba. Lakini mimi sitakuja. Siku hiyo usinitafute kwa macho."

Sikumlaumu, Hawe. Najua deni lake la shukrani, nami nimelelewa ndani yake. Ushirika ule wa Thornton Heath, unaokutana kwenye ukumbi wa shule, ndio ulionifundisha Kiswahili cha kuomba. Wamama wale bado wananipimia suruali kwa macho na kusema nimepungua. Kwa hiyo nilikwenda kwa Papa Eliya mwenyewe, mchungaji wetu, mtu wa Bukavu, nikiwa na hoja nimezipanga kichwani. Ibada ilikuwa imekwisha na alikuwa akikunja waya wa kipaza sauti. Nikamwambia. Aliendelea kukunja.

"Ulikuwa unaogopa kunielezea?"

"Ndiyo, Papa."

"Mutoto wangu, mie mwenyewe nilibatizwa kwa Wakatoliki. Mama yangu analia mpaka leo." Akaweka waya chini. "Wende. Lakini usifike kule ukasahau kupiga makofi."

Akaniwekea mkono kichwani na kuniombea kwa urefu wake wa kawaida, mpaka mlinzi wa shule akaanza kutikisa funguo. Nilimpelekea mama habari hiyo mbio. Akasema, "Papa Eliya ana huruma nyingi."

Ikafika Jumapili. Nilivaa suti, ile ya harusi ya binamu. Bi Pearl alikuwa amenishikia kiti cha mbele na kuweka mkoba wake kwenye cha pili, kwa ajili ya mama, maana nilishindwa kumwambia kwamba haji. Kila mlango ulipolia niliikaza shingo nisigeuke. Mchungaji wao, mama mmoja wa sauti ya chini, akaniuliza yale maswali ya kupokewa, nikayajibu yote. Kisha akaniomba niseme maneno machache.

Nikasimama, na ndipo nilipokosea. Umri wangu wote, mtu akisimama kanisani kusema neno huanza kwa njia moja tu. Mdomo ukaenda wenyewe, kwa sauti ya Thornton Heath, sauti ya kufika ukumbi mzima:

"Bwana asifiwe!"

Watu wema kabisa, wote wananitazama kwa upole, hakuna anayejua kwamba sasa ni zamu yake. Mpiga kinanda akadhani ni ishara yake, akagusa noti moja, akaiachia. Niliona kichwa cha mtoto kikigeuka kumtazama mama yake. Masikio yangu yakawaka moto, na sikuwa na pa kwenda, maana salamu ile ikishatoka haiendelei mpaka ijibiwe.

"Amina," ikajibu sauti kutoka mlangoni.

Hawe, sauti ile niliijua kabla sijazaliwa. Nikageuka. Alikuwa amesimama pale, koti juu ya sare ya hospitali, viatu vyake vya kazini, mfuko wa chakula mkononi, anahema kama mtu aliyekimbia kutoka stesheni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na kuvuka London nzima. Hakutabasamu. Alininyooshea kidevu, kama anavyofanya nikisita kula: endelea.

"Bwana asifiwe tena!"

"Amina!" Safari hii Bi Pearl naye alikuwa ndani, na wazee wa kikundi cha Alhamisi. Nikaita mara ya tatu, na kanisa zima likaitika, Waingereza, Waghana, Wahindi, mpiga kinanda akabonyeza kinanda kwa mikono miwili. Sijui nilisema nini baada ya hapo. Nasikia nilisema vizuri.

Tukaimba. Ulikuwa wimbo wenu mmoja wa Ribe, wao wakiuimba kwa Kiingereza na macho kitabuni. Mama aliuimba kwa Kiswahili, beti zote, bila kitabu, ile sauti ya pili uliyomfundisha wewe, na hakuipunguza kwa ajili ya mtu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba wimbo ule. Ulikuwa umekaa ndani yake miaka yote.

Mwisho wana kanisa hupanga mstari na kukupa mkono wa kulia, mmoja mmoja, ndiyo kukupokea kwenyewe. Nikiwa nashika mikono ya watu, nikaona mkono unaonuka dawa ya hospitali. Mama alikuwa amejipanga mstarini kama mwenyeji.

"Usidhani nimekuja kwa Wamethodisti," akaninong'oneza. "Nimekuja kwa mtoto wangu. Na viti vyao ni vigumu."

"Sawa, mama."

Hakuuachia mkono. Alinitazama sana, na macho yake yakajaa. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kuniambia maisha yangu yote, kwa sauti yako kabisa: "Roho yako i hali gani?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yake Bi Pearl alikuwa anajisukuma mbele na sahani ya keki. Nikasema nitamjibu nyumbani.

"Usinijibu mimi," mama akasema. "Aliyekuwa akingoja jibu unamjua."

Basi lipokee, Hawe. Roho yangu haijatulia kama yako. Bado inawakasirikia watu wanaokalia viti vya wenzao uwanjani halafu wanabisha. Bado inakulilia, hasa nikisikia simu ikiita asubuhi ya Jumamosi. Lakini ina furaha. Ina furaha mpaka huzuni inakaa ndani yake bila kuiharibu, na nilikuwa sijui kwamba jambo hilo linawezekana. Inampenda mama zaidi kuliko mwezi uliopita, inampenda Papa Eliya, na makofi sijasahau. Imepata nyumba, na sikulazimika kuchoma ile iliyonilea.

Nawe ungeniuliza kama nimeshiba. Nimeshiba. Mama alikuwa amebeba samaki kwenye mfuko ule, tukala naye kwenye ukumbi wa nyuma, na Bi Pearl akaomba mfupa.

Nimalizie na hili, chai isipoe. Alhamisi hii Bi Pearl anakwenda kumwona bintiye, na amesema nikae mimi kwenye kiti chake na kuanza mzunguko. Nimekataa, akacheka tu akaniachia funguo za ukumbi. Mama amebadilisha zamu yake ili awepo, anasema anataka kuona kama nitakumbuka kunyamaza baada ya kuuliza. Nitaanza na mama. Nitamuuliza kwa Kiswahili kwanza, na akiniambia "nzuri", najua la kumwambia.

Ukae salama huko uliko, Hawe wangu,

Mjukuu wako wa Ulaya