Kamera Inayomtazama Baba

Kwa kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, na kile kikohozi cha vumbi la mgodi kimekuachia. Huku mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishapata chai yake humtambui. Mimi na karakana yangu tunasukuma siku. Kompyuta za watu haziishi kuharibika, nami siishi kula.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni unasikika sebuleni, na masikio ya baba bado ni makali. Kuna mambo sikutaka ayasikie.

Acha nianze na yale matamu. Tangu ugonjwa wa misuli umnyang'anye miguu na lori lake, baba alikuwa mtu wa dirishani, anawakosoa madereva wanaopita barabarani. Basi nikaleta kompyuta kuukuu kutoka karakana, nikaiwekea mchezo wa kuendesha malori, na usukani mdogo wa plastiki. Gesi na breki nikazihamishia kwenye vitufe vya usukani, maana mikono ilikuwa bado inamtii. Akaendesha kidogo, akasimamisha lori, akaniuliza huyu ni dereva gani asiyegeuza shingo. Vioo viko wapi? Dereva asiyetazama vioo, alisema, ni muuaji aliyechelewa kukamatwa.

Nikafunga kamera ndogo juu ya kioo cha kompyuta, na programu inayofuata uso wa mtu. Ukigeuka kushoto, na mchezo unageuka kushoto, unakiona kioo cha lori. Kaka, baba alicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Programu ilikuwa inachambua kila picha ya uso wa baba, na mchezo nao unataka nguvu zilezile, na prosesa, yaani ubongo wa ile kompyuta, ni ya zamani. Feni ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga, barabara inakatikakatika. Baba akigeuza kichwa, kioo kinamfikia akiwa ameshaingia mtaroni. Mama akasema hata kwenye lori la bure anapata ajali.

Nilikaa na baba nikapunguza mzigo mmoja mmoja. Picha za kamera nikazifanya ndogo, kwa sababu kufuata pua na macho hakuhitaji picha ya harusi. Idadi ya picha kwa sekunde nikaipunguza nusu. Lile dirisha lililokuwa linamwonyesha baba uso wake wakati wote nikalifunga. Nikaizuia programu isitumie prosesa yote, ibaki na sehemu yake ndogo, na mchezo wenyewe nikauwekea kikomo. Mwisho nikaleta taa ya mezani, maana gizani programu inautafuta uso kwa kupapasa na kuchoka bure. Feni ikanyamaza. Barabara ikateleza.

Laiti ungemwona! Anawasha taa za kukata kona wakati hakuna gari hata moja nyuma. Anawapigia honi madereva ambao si watu. Akimaliza safari anaegesha kwa kurudi nyuma, shingo imepinda, jicho kwenye kioo, kisha anamwambia mama, "Mzigo umefika." Mama anamjibu mshahara je?

Baadaye akaanza kulalamika kwamba kamera imezeeka, haimfuati tena. Nikaongeza wepesi wa programu, ili akigeuka kidogo tu mchezo ugeuke sana. Ikatosha kwa muda. Akalalamika tena, nikaongeza tena. Nikadhani prosesa imezidiwa upya, nikaipima. Ilikuwa imetulia tuli. Ndipo nikalifungua lile dirisha nililolifunga, nimwone kama kamera inavyomwona.

Nilimwomba atazame kioo cha kushoto. Kwenye dirisha, kaka, macho yake yalikwenda kushoto. Kichwa hakikwenda. Nikamwomba atazame kulia. Macho yakaenda kulia, na mshipa wa shingo ukamsimama kwa jitihada, na kichwa kikabaki palepale. Akaniuliza, "Umeona kasoro?" Nikamwambia kamera imezeeka. Akanitazama, akasema, "Eeh. Ndiyo hiyo."

Daktari ametuambia ugonjwa umepanda. Umeshika shingo, unashika ulimi, na baada ya hapo ni pumzi. Hakutaja siku, lakini alimwambia mama kama kuna mtoto yuko mbali, asisubiri.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Ijumaa ulipopiga simu, mama alikwambia baba amesinzia. Hakuwa amesinzia. Alikuwa macho kwenye kiti chake, na simu tuliiweka kwa sauti ya juu ili akusikie. Maneno yake sasa yanatoka mazito, yanavutana, nasi wenyewe inatubidi tumwinamie, naye hataki uyasikie. Alisikia ukimsimulia mama habari za zamu yako, na ukicheka, na uliposema mwisho wa mwaka ukirudi utamchukua mkazunguke. Machozi yalimtoka, na mkono haukufika usoni. Mama alimfuta kwa kitenge huku anakuambia wewe, "Amelala fofofo, mwanangu, usijali."

Baba alinikataza nisikwambie. Alitaka umkumbuke akiwa kwenye usukani. Nilimwahidi, na leo navunja ahadi hiyo kwa mkono wangu, nikijua atanikasirikia. Na anikasirikie. Njoo maadamu bado ana nguvu za kukasirika, mwisho wa mwaka ni mbali mno. Omba ruhusa. Wakikunyima, njoo.

Siku hizi usukani naushika mimi, yeye anakaa kando. Jana nilikaribia kugonga, akatamka taratibu, neno kwa neno, "Unaendesha... kama... kaka yako."

Mama anakukumbatia. Wasalimie unaolala nao chumba kimoja, na Mungu akulinde huko chini ya ardhi mpaka tukuone mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi