Nia ya Mama Deo

Goba, Jumamosi. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua haitaki kunyesha. Nimefua, nimedeki, nimepanga vitabu upya, na bado situlii.

Asubuhi jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Tulipofika kwenye kutaja nia, mmoja akaombea mgonjwa, mwingine mtihani wa mwanawe. Kisha jirani yangu Mama Deo akasema, "Mie naomba tuiombee nchi anakosoma mwanangu ishinde vita upesi."

Deo anasomea udaktari huko. Wiki hii hosteli iliyo jirani na yake ilipigwa bomu.

"Mama, sie Watanzania hatufungamani na upande wowote," mwenyekiti akasema. "Tuombee amani tu."

Ubishi ukaanza palepale, rozari zikiwa mikononi. Mmoja akauliza, tulipowasaidia wenzetu wa kusini kupigania uhuru, hatukuchagua upande? Mwingine akajibu kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, tukae mbali.

Mama Deo akanigeukia. "Mwalimu, si unafundishaga haya mambo? Nisaidie."

Nami nikafundisha. Nikaeleza kwa nini nchi yetu hujizuia kupiga kura kwenye vikao vya mataifa: ngano na mbolea tunanunua kwa hawa, mikopo inatoka kwa wale, na vijana wetu wanasoma pande zote mbili. Nikamalizia kwamba mwenyekiti yuko sahihi. Tena nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Tukaombea amani. Mama Deo hakusema amina. Chai ilipomiminwa, alikuwa ameshavaa viatu.

Kinachonikera ni kwamba niliyoyasema bado nayaamini. Upande wa pili nako yupo mama ambaye mwanawe analala chini ya mabomu, na huenda naye ni Mtanzania. Lakini Mama Deo ndiye aliyekesha nami hospitali nilipojifungua, wala hakuniuliza msimamo wangu juu ya lolote. Leo alihitaji mtu mmoja tu wa kusimama naye, nikampa kipindi cha uraia.

Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Naenda kwake sasa hivi, mvua inyeshe isinyeshe. Ushindi sitauombea, moyo unakataa, na hilo nitamwambia. Kisha nitamwomba tumpigie Deo pamoja. Asipopokea, nitakaa hapo hapo na mama yake mpaka apokee.