Mbuzi wa Nahodha

Jumapili. Joto, na upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimefunga madirisha yote na vumbi limeingia hivyo hivyo.

Jana niliona sehemu ya pili ya ile filamu ya meli ya barafu. Nimeingoja kwa miaka. Kazini ninaandika mambo ya watu wengine: kikao cha kaunti Wundanyi, ndovu waliovunja ua huko Ndara. Hili la leo hakuna mhariri atakayelitaka, kwa hiyo naliweka hapa.

Kwa asiyejua, sehemu ya kwanza ilimhusu nahodha mwanamke anayesafirisha barafu kutoka mwezi wa mbali, na kaka yake aliyebaki kituoni akitunza mboga chini ya paa la kioo. Iliisha meli ikiwa imepotea, redio imekufa, na kaka amesimama mlangoni.

Niliiona na binti yangu Wakesho, akiwa darasa la saba, kwenye banda la video nyuma ya soko. Mwenye banda anaitwa DJ Mkonge, maana kabla ya kushika maikrofoni alikuwa akikata mkonge shambani. Yeye hukaa kando ya skrini, hupunguza sauti ya Kizungu, na kutuambia kwa Kiswahili kila mtu anasema nini. Voi hatuna ukumbi wa sinema. Tuna Mkonge.

Tangu siku ile mimi na Wakesho tumekuwa na swali moja: nahodha atarudi au harudi? Alipokwenda shule ya bweni tuliliendeleza kwa barua. Alipoajiriwa Nairobi likahamia kwenye simu ya Jumapili. Mazungumzo yakipoa, mmoja wetu huuliza kama redio ile ingeweza kutengenezwa, na hapo tunapata nusu saa nyingine.

Mama yake ana nyumba yake Taveta na maisha yake. Hapa ni mimi peke yangu. Sitajidanganya: swali hilo ndilo limekuwa likimfanya binti yangu asikate simu.

Sasa filamu imelijibu. Tutaongea nini?

Nilimwomba aje na treni tuione pamoja. Akasema hakupata ruhusa kazini. Aliiona Ijumaa huko Nairobi na wenzake. Nikasema si neno, nikaenda kwa Mkonge peke yangu.

Maoni yangu kama shabiki: meli mpya ni safi mno. Ile ya kwanza ilivuja, na mafundi waliifunga kwa waya kama lori bovu la migodi ya Kishushe. Hii inang'aa, na chombo kinachong'aa hivyo sikiamini. Roboti wa melini amepewa utani mwingi kuliko kazi. Lakini safari ya kupita kwenye mawe yanayoelea imechezwa vizuri sana. Vijana wa reli waliokaa mbele yangu waliacha kutafuna miraa.

Na nahodha anarudi.

Anaingia kituoni, anavua kofia, anaketi mezani na kaka yake. Hapo Mkonge alituambia kwamba nahodha anauliza, "Na mbuzi wangu je? Uliuza?" Kaka anajibu kwamba mbuzi alikufa. Nahodha anataka kujua ngozi iko wapi. Waliendelea na mbuzi huyo mpaka mwisho. Banda zima lilipiga mabenchi. Nami nilicheka mpaka machozi.

Jioni nikampigia Wakesho, nimejiandaa. Nikamwambia mwisho ni mkali, hasa pale kwa mbuzi.

"Mbuzi gani, Baba?"

"Wa nahodha. Yule kaka anasema alikufa."

"Hakuna mbuzi kwa hiyo filamu."

Nilimweleza nilichosikia. Alinisikiliza, kisha akasema polepole kwamba katika tukio lile hakuna anayesema neno. Hata muziki hakuna. Wawili wale wanakaa tu, na ukumbi mzima ulikaa nao. Yeye alilia, na mwenzake aliyekuwa kando akampa karatasi ya kupangusa macho.

"Nilidhani utaipenda hiyo sehemu," akasema. "Nilikuwa nangoja uiseme."

Akaniambia nilale salama. Simu ilikuwa fupi kuliko zote.

Nimefanya kazi ya habari muda mrefu na sijawahi kutuma taarifa niliyoipata kwa mtu mmoja tu. Hii niliibeba kutoka kwa Mkonge hadi Nairobi bila kumuuliza mtu wa pili.

Leo asubuhi nilimkuta Mkonge akifagia banda. Nikamuuliza kama ni kweli hapakuwa na maneno. Hakuona aibu.

"Mwandishi, pale kuna kimya kirefu. Watu wangu watoke mtaa wa Sofia, watoke kambi ya mkonge, waje waketi kimya na mimi? Kimya wako nacho kwao."

Sikumbishia. Nilimwomba aniwekee filamu yenyewe kwenye flashi. Akanionya kwamba ni nakala iliyorekodiwa kwa siri ndani ya ukumbi, na kwamba kuna kichwa cha mtu kinapita.

Mchana nimeitazama hapa mezani nikila, sauti ikiwa juu. Kichwa kinapita kweli. Ilipofika mwisho nikaacha kula.

Nahodha anaketi. Kaka anamtazama mikono, si uso. Kisha anasukuma sahani yake ya mboga hadi upande wa pili wa meza, na nahodha anaanza kula. Ni hayo tu, na yanachukua muda mrefu. Kwa kuwa nakala ni ya ukumbini, nilisikia pia watu waliokuwa wakitazama. Mmoja alikohoa. Mwingine alivuta pumzi puani, kama mtu anayezuia kilio. Nilirudisha nyuma nikamsikiliza tena. Najua si Wakesho, nakala ilikuwa Voi kabla yeye hajaingia ukumbini. Nilirudisha nyuma mara nyingine hata hivyo.

Ulikuwa mwisho mzuri kuliko wa mbuzi. Ulikuwa mgumu pia, katika nyumba hii.

Nikampigia.

"Nimeiona bila Mkonge," nikasema.

"Umeona akisukuma sahani?"

"Nimeona."

Hakusema kitu. Mimi huwa nina swali tayari: umekula nini, bosi yuko vipi, kodi imepanda? Kama ningefungua mdomo lingetoka lenyewe. Nikaufunga. Upande wake nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa, kijiko kikigonga sufuria, mlango wa jirani. Alikuwa akipika na simu iko hewani. Upande wangu alisikia upepo, nadhani.

Hakukata.

Baadaye akasema mvua imeanza Nairobi na nguo ziko nje. "Wacha nizitoe, Baba." Nikamwambia azitoe.

Nahodha amerudi na hakuna tena la kubishania. Jumapili ijayo nitampigia bila swali.