Palipobonyea

Mama yangu,

Shikamoo, ingawa najua hakuna wa kuniitikia. Jana niliutembea uwanja mzima wa ndege, kutoka barabara ya Nyakahura hadi kwenye mikaratusi. Tangu vita viishe ndege haziji, na sasa wameufanya bustani ya wananchi. Wamepanda majani na maua, wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia. Watoto wanakimbizana pale magurudumu yalipokuwa yakigusa. Ni pazuri, mama. Nakwambia ukweli kwa sababu hukupenda kudanganywa.

Unakumbuka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ilibomolewa na migomba ikafyekwa ili ndege zipate pa kutua. Wanawake mliitwa kushindilia udongo kwa miguu huku mkiimba. Na wewe uliimba. Nilidhani umefurahi.

Kila masika uwanja ulibonyea mahali palepale, na marubani wakalalamika. Ulikwenda na kikapu cha changarawe hata kabla hujaitwa. Wenzako walikutania: "Mama Sabina, hiyo ndege itakushushia kanga?" Ukacheka nao. Siku moja, wakati wa vita, nilikuuliza kwa nini usiwaachie wanaume kazi hiyo. Hukuacha kushindilia.

"Ni mdogo wako Yozefu," ulisema. "Mvua inamfikia."

Yozefu wetu, tuliyemzika mgombani kabla hajaota jino. Walikukanyagisha kaburi lake kwa wimbo, na kila mwaka ukalijaza ili ndege zipite juu yake bila kudunda.

Ulipofariki niliomba ulazwe karibu naye, kama ulivyotaka. Bwana mkubwa wa bustani alinipokea vizuri, hata kiti alinipa. "Dada," alisema, "hapa ni pa walio hai." Tukakuzika mbali, kati ya watu usiowajua.

Jana nilipaona alipolala Yozefu. Wamejenga benchi la saruji juu yake. Vijana wawili walikuwa wamelikalia, wakila miwa na kulalamika kwamba limeinama. Mtunza bustani akaniambia kila mvua ikinyesha linazama upande huohuo, hajui kwa nini.

Sikumwambia. Nilimwomba tu niwe ninaleta changarawe. Aliniangalia kama walivyokuangalia wewe, akacheka, akakubali.

Kikapu chako ninacho bado. Lala, mama. Mawingu yamekwisha kukusanyika, na kesho asubuhi nitakwenda kumfunika.

Mwanao aliyebaki,
Sabina