Tetea Mwenye Pete

Mungaa, Ikungi,
Singida.
9 Agosti

Kwako kaka Calist,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kama joto la Dar es Salaam limekupunguza mwili, akurudishie. Huku tunapumua. Alizeti tumeshavuna, upepo unatupa vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mwanangu Faith ameota meno mawili ambayo kazi yake ni kuniuma. Barua atakukabidhi Gasto, yule mnunuzi wa kuku. Alituambia amekuona sokoni na ukakataa kumpa namba ya simu. Sikulaumu. Ila ungempa, ungeyasikia haya mapema.

Kaka, mama hayupo. Tulimzika mwezi wa sita. Presha ilimpanda akiwa shambani, tukamfikisha hospitali bado anazungumza, na alfajiri akatuacha. Nimeanza barua hii mara nyingi nikitafuta pa kukuzungusha kwanza, nikashindwa. Lia, kisha uendelee kusoma, maana liko jambo jingine, na hilo ni lako mwenyewe.

Siku ya kumwosha, shangazi Esta aliushika mkono wa mama akauliza pete yake ya ndoa iko wapi. Mwanamke mmoja akajibu, bila hata kushusha sauti, kwamba pete ile ilikwenda na Calist. Sina haja ya kukukumbusha. Wiki ilipopotea dhahabu ile ndiyo wiki uliyokuja na simu mpya, na baba akakuita mwizi mbele ya majirani, akakwambia usikanyage tena kwake. Nilitamani kummwagia yule mwanamke beseni zima la maji. Baba alikuwa mlangoni. Alisikia, akainamisha kichwa, akatoka nje.

Sasa nikupe habari ya kuku, usicheke. Tangu uondoke, mama hakukosa kuwa na tetea mmoja aliyemwita wa Calist. Unajua huku kila mtu anawatia kuku wake alama wasichanganyike na wa jirani. Wetu tunawafunga kitambaa chekundu. Huyo mmoja mama alimvisha pete mguuni angali mdogo, akipitisha kidole kimoja kimoja. Pete yenyewe imejaa matope na kinyesi, sote tulidhani ni pete ya shaba ya kutundikia pazia. Tetea akizeeka, mama alimchinja mwenyewe na kuihamishia pete kwa mwingine. Nyama hakuionja. Firigisi alimwekea baba kwenye kisahani, na baba alikisogeza pembeni. Mimi nilidhani meno yanamsumbua mzee. Nilimtania mama kwamba kuku wake ameolewa, naye alicheka kidogo tu, akaendelea kupepeta mtama.

Baada ya matanga walibaki kuku wachache. Baba si mtu wa kulisha kuku, na mimi ilinibidi nirudi kwa mume wangu kule Kintinku, kwa hiyo nikamuuzia Gasto wote. Baba alipotoka kupumzika aliuliza tetea wa Calist yuko wapi. Nikamjibu kwamba nimemuuza pamoja na shaba yake.

Kaka, unamjua baba. Mtu akipita bila kumpa shikamoo humrudisha aanze upya, na sijawahi kumwona akiharakisha hatua kwa ajili ya yeyote. Siku hiyo alikimbia. Kandambili moja ilibaki uani. Nilimfuata nikiwa na Faith mgongoni, nikamkuta barabarani wanakopakia, amelishusha tenga na kulikata kamba, kuku wanatawanyika kila upande na Gasto anapiga kelele kwamba mzee amechanganywa na msiba. Baba alimkamata tetea, akaketi naye mavumbini, akatema mate kwenye ncha ya shati na kuusugua mguu. Ile shaba ikang'aa. Nilikaa chini na mimi.

Hapo ndipo aliponieleza. Ulipoondoka, mvua zilikuja zikabomoa udongo wa ukuta wa jiko, na pete ikaonekana humo. Ilimchomoka mama kidoleni alipokuwa akikandika. Mama alimkimbilia baba kwa furaha, akamwomba akutafute na awaambie watu ukweli. Baba akakataa. Alishakutukana mbele ya kijiji kizima, akaona aibu kuyameza maneno yake, akamwamuru mama anyamaze. Mama akanyamaza. Lakini pete hakuivaa tena. Alimwambia baba ataivaa siku mwanawe atakapoingia mlango huu, na mpaka siku hiyo itatembea uani, aione kila akitoka na kila akiingia.

Amezikwa na kidole kitupu.

Nimemkasirikia hata yeye, marehemu, Mungu anisamehe, kwa kunyamaza miaka yote hiyo. Kwa baba ndiyo usiseme. Jioni ile sikumpikia, na hakuniuliza chakula. Jumapili, bila kusukumwa na mtu, alisimama jumuiyani akasema mwanangu hakuiba, mimi ndiye niliyewadanganya. Yule mwanamke wa siku ya kumwosha mama alilia kuliko wote. Sijui alipata wapi machozi.

Pete bado iko mguuni. Mguu umeshanenepa, haitoki mpaka kuku achinjwe, na baba hataki achinjwe na mtu mwingine ila wewe, siku utakapokuja. Analala naye chumbani mwake, nyumba nzima inanuka kuku, na mimi bado sijaondoka kwa sababu naogopa kumwacha peke yake. Sikulazimishi, kaka. Nimelia mno hata sina nguvu za kumtetea. Ila kaburi la mama liko nyuma ya jiko, upande ule ule wa ukuta alioukandika, na ningependa uje ulione.

Shangazi Esta anakusalimu. Mpwa wako Faith, ambaye hakujui, anakusalimu pia kwa hayo meno yake.

Baba ameketi hapa karibu nami, tetea yuko mapajani mwake. Nimemuuliza kwako niandike salamu gani. Akasema niandike shikamoo. Nikamwambia baba, mzazi hampi mwanawe shikamoo. Akasema anajua, niandike hivyo hivyo.

Baba anakupa shikamoo.

Ni mimi mdogo wako,
Emiliana