Ukurasa wa Mama katika Daftari la Babu

Mwanza,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Kaka yangu mpendwa Mashimba,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi Winnie na watoto wote hapo Sengerema, na naomba Mungu barua hii iwakute wazima. Goti lako linaendeleaje? Usije ukaniambia umeacha ile dawa ya kuchua kwa sababu inanuka, nakujua. Mimi mwili ni mzima. Huku upepo wa ziwani unavuma kutwa na vumbi limejaa mpaka kwenye sufuria, lakini kazi zinakwenda.

Utashangaa nakuandikia wakati simu ipo, na daraja la Kigongo lipo, mtu anavuka kabla hajamaliza muhindi wake wa kuchoma. Nimekupigia mara nne wiki hii. Kila ukipokea naishia kuuliza habari za mpunga. Basi nimeona niandike, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaongea na fundi.

Uliniambia fundi Ngosha anakuja mwezi ujao kujengea kaburi la mama, na kwamba unataka yaandikwe kwenye saruji yale maneno ya babu Jonathan niliyomsomea mama hospitalini. Ukataka nikutumie neno kwa neno, tusije tukakosea. Hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani.

Unajua mama alivyoishi na lile jambo. Alitoroka na baba kwenda Magu kabla ng'ombe wa mahari hawajafika kwao, na babu, katekista mzima mbele ya waumini wake, hakutamka tena jina la binti yake. Babu alipokufa, mama alikuta wameshamzika. Halafu mwaka jana mama mdogo Suzana naye akatutoka, akaacha lile daftari la babu, na akaagiza mama aambiwe kwamba ukurasa wa mwisho unamhusu. Mama macho yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, na kurasa zenyewe zilikuwa zimegandana. Akanipa mimi. Wewe ukacheka ukasema nesi wa karatasi kapata mgonjwa wa nyumbani.

Nikalipeleka kazini, kwenye kumbukumbu za kanisa, ninakotibu vitabu vilivyochakaa. Mzee Cleophace, mkuu wetu, alishanifundisha sheria moja kabla ya nyingine zote: pima kwanza. Kuna wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma. Unakaa mweusi vizuri miaka na miaka, kumbe chini kwa chini unakula karatasi, mpaka herufi zinadondoka na kuacha matundu. Unagusisha karatasi ya kupimia kwenye herufi moja. Ikigeuka nyekundu, chuma kimo, na maji ni marufuku. Maji yanausambaza na kuupa nguvu upya. Ukurasa wa hivyo unafunguliwa pole pole, karibu mkavu, kwa wiki nyingi.

Mimi sikuwa na wiki nyingi. Mama alikuwa ameshalazwa, na nesi wa wodini alinivuta pembeni akasema nisitegemee mama afike mwisho wa mwezi. Na kila nikienda kumwona, hata uji hajaonja, ananiuliza kama nimeshafungua. Mzee Cleophace alikuwa amesafiri kwenda Bukoba. Nikajiambia ni daftari la shule tu, litakuwa na wino wa chupa kama vitabu vyetu vya ubatizo. Sikupima. Nikalaza vitambaa vyenye unyevu juu ya kurasa, nikaenda kunywa chai. Niliporudi zilikuwa zimeachana.

Mchana huo huo nikaenda hospitali na daftari kwenye mfuko. Nikakaa kitandani kwake, nikalifungua, nikasoma: "Evelina mwanangu, nilikusamehe siku ile ile. Rudi nyumbani." Mama akasema nisome tena. Nikasoma mara tatu. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni, kisha akasema, "Kumbe alikuwa ananisubiri. Na mimi sikwenda." Akawa anafurahi na kuumia kwa pamoja, kaka, na nilishindwa kumtazama. Ndipo akaanza kunisimulia kwa majivuno jinsi baba yake alivyojua kuchemsha wino mwenyewe, maganda ya mti wa miiba na misumari yenye kutu kwenye chungu, na yeye mtoto ndiye aliyekuwa akiiokota hiyo misumari. Siku ya tatu akafariki.

Sasa nakwambia. Maneno yale hayapo. Vitambaa viliponyanyuliwa, ukurasa ulinyanyuka navyo vipande vipande, na palipokuwa na maandishi pakabaki matundu na maji ya kahawia. Nilichomsomea mama nilikitunga mwenyewe njiani. Nimemdanganya mama yetu akiwa anakufa, na nimempa majuto ambayo huenda hakustahili kuyabeba. Mzee Cleophace aliporudi nilimwonyesha. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza.

Aliniambia kitu kimoja. Wino ule unakula zaidi pale mtu alipokandamiza kalamu na kurudia rudia. Ukurasa ule babu aliukandamiza karibu wote. Kama ni kwa hasira au kwa uchungu wa kumkosa binti yake, hakuna atakayejua tena, na aliyesababisha hivyo ni mimi.

Kwa hiyo nakuomba, kaka, kwa jinsi unavyonipenda hata kama leo umepunguza, usiyaweke yale maneno juu ya mama. Mwambie Ngosha aandike "Evelina" tu. Neno hilo limebaki zima, juu kabisa ya ukurasa. Kwa mkono wa babu ni hilo peke yake ninaloweza kuliapia. Mama alitamani miaka yote babu alitamke, na babu alipoliandika, aliliandika kwa mkono mwepesi, ndiyo maana wino haukulila.

Ukitaka kunifokea, piga simu, nitapokea. Usipopiga nitaelewa pia. Msalimie sana wifi, mwambie kitenge cha mama akivae, asikiweke kabatini. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako niliyekosa,
Selina