Nyanya Zimepona

Shemeji mpendwa,

Habari za huko? Mwaka huu nyanya zimekubali. Viwavi waliomaliza shamba la jirani, kwetu dawa iliwafyeka kwa siku mbili, na wanunuzi wanazigombania.

Mdogo wako anakusalimu. Angekuandikia mwenyewe, ila mikono yake inatetemeka, hata kupitisha uzi kwenye sindano hawezi. Cherehani yake nimeifunika shuka.

Ilianza siku tuliyopiga dawa. Mimi nilibeba bomba, yeye akawa anachanganya dawa kwenye ndoo. Jioni alitapika, akaanguka mlangoni. Nikamkimbiza hospitali.

Daktari alimuuliza, "Mama, hukuvaa glavu?"

"Nilizivua mwenyewe, daktari. Joto lilinizidi."

Shemeji, hakuvua kitu. Tulikuwa na jozi moja tu, na niliivaa mimi. Nilimwambia, "Wewe changanya tu, utanawa baadaye."

Daktari anasema huenda mikono ikatulia, huenda isitulie. Mdogo wako hajanilaumu hata kwa neno moja, ananiuliza tu kama nimekula. Njoo, tafadhali. Labda mbele yako ataweza kulia.

Ni mimi shemeji yako, ninayeona haya.